Uso wa Feza

Evere, Bruxelles, 7 Januari 2024

Yaya Joël,

Nakusalimu, kaka yangu, wewe na nyumba yako yote. Mwambie maman goti langu limepona, na kile kitenge alichonitumia Noeli nimekivaa kanisani mpaka wamama wa Kivu wakaniuliza fundi ni nani. Binti yangu Graciella amefaulu mitihani ya kwanza ya chuo. Ana miaka kumi na tisa, anajua kila kitu, na bukari yangu, ugali wa kwetu, anaiita tofali. Huku giza linaingia saa kumi na moja jioni na watu hawasalimiani kwenye basi, lakini nyumba ina joto na hatujakosa kitu. Maman asihangaike.

Mpaka hapa msomee. Sasa geuza karatasi. Upande huu ni wako peke yako, ndiyo maana nimempa Tonton Mukendi, anayesafiri kuja huko, aulete kwa mkono badala ya kukupigia simu ambayo maman huiweka kwa sauti kubwa.

Unajua kwamba katika ile nyumba ya wazee, Woluwe-Saint-Lambert, mimi ni mwuguzi msaidizi wa ghorofa ya tatu, ya wale ambao kichwa kimeanza kuwatoka. Kabla ya Noeli tulimpokea bibi mmoja Mwingereza, miaka tisini na mbili, mjane wa mhandisi Mbelgiji. Mpwa wa marehemu mumewe, mama mmoja anayeitwa Chloé, alikuja kutundika picha ukutani, maana wanasema picha husaidia kukumbuka. Bibi huyu alikuwa mwigizaji wa filamu. Jina lake Sylvia Harcombe. Katika picha moja amevaa nguo nyeupe za mwuguzi, nyuma yake kuna mto na kilima cha udongo mwekundu. Chini imeandikwa kwa kalamu: Jadotville, 1958.

Ni mji wa kambi ya maman, yaya, na mwaka ni uleule.

Hadithi unaijua, maman ametusimulia kila Julai. Wazungu wa filamu wanakuja kambi ya wafanyakazi kutafuta mtoto mchanga asiyelia sana. Wanamchukua dada yetu Feza siku tatu. Siku ya tatu wanamvusha mtoni chini ya mvua ya bandia ya mipira ya maji, katikati ya majira ya baridi, na siku ya tisa anakufa kwa kifua. Miezi saba tu. Mimi na wewe hatujazaliwa bado. Na yule mwigizaji aliahidi kwa mdomo wake kwamba atatuma picha ya mtoto.

Bon. Bibi huyu amepewa mwanasesere wa kukumbatia, ndivyo tunavyofanya kwa wasiotulia. Juzi naingia kumwosha, namsikia anamwambia mwanasesere kwa Kiswahili: «Feza, nyamaza.» Maneno mawili. Hana mengine.

Sijamwambia mtu hapa. Maman pia usimwambie. Atataka kitu ambacho sijui kama naweza kumpa.

Mdogo wako,
Berthe


Lubumbashi, 2 Februari 2024

Mdogo wangu Berthe,

Sisi wazima. Mvua imeangusha ukuta wa choo, nasi tumeusimamisha kwa mabati na matusi. Rolande, binti wa shangazi, amehamia kwetu kumsaidia maman. Wanafunzi wangu wa darasa la sita hawana vitabu, lakini wana maoni, ambayo ni mwanzo mzuri. Gazeti langu, zile kurasa nne zinazotoka ninapopata karatasi, bado linaishi kwa hasira kuliko kwa wino.

Sasa nikiri. Nimemsomea maman upande wa pili. Wote. Unaweza kunipigia kelele ukipenda, lakini mimi si mtu wa kukaa na jambo kama hilo mfukoni huku mwenye nalo amekaa mbele yangu akichambua mboga ya lengalenga.

Hakulia. Aliuliza: «Yule mama angali muzima?» Nikasema ndiyo. Akachambua mboga mpaka ikaisha, halafu akasema: «Mwambie Berthe amuombe ile foto yangu.»

Na wewe pia kuna jambo hukuambiwa. Sukari imemla macho. La kulia limeshakufa. La kushoto daktari anasema lina miezi mitano, labda sita. Maman anataka kumwona Feza usoni mara moja kabla halijafungwa, na hataki kitu kingine duniani. Aliniambia neno ambalo nadhani hakuwahi kumwambia hata baba: «Sura yake nilishaisahau, Joël. Toka zamani. Ninakumbuka tu shanga, zile nyekundu za mu shingo.» Mama amesahau uso wa kifungua mimba wake, na uso huo umehifadhiwa ndani ya kopo la bati la filamu huko Ulaya, pahali pasipo na unyevu, kama urithi wa watu wengine!

Nimesoma kila nilichokipata juu ya huyo Harcombe wako. Binti wa fundi viatu wa Leeds, na hapo nilikuwa tayari kumpenda. Akiwa na miaka kumi na saba anakata tiketi mlangoni mwa jumba la tamthilia. Akiwa na ishirini na moja yuko jukwaani ndani. Filamu kumi na moja. Katika saba kati ya hizo anakunywa chai akimngoja mume. Halafu inakuja *Mwuguzi wa Lufira*, naye anavuka mto wetu akiwa amembeba mtoto wetu, na magazeti ya London yanaandika kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kulia vizuri hivyo mbele ya kamera. Wakampa tuzo. Akaolewa na mhandisi aliyekutana naye hapa hapa Katanga. Alipofika miaka thelathini na sita simu ikaacha kulia, kama ilivyo kwa wanawake wote wa kazi ile. Akatangaza sabuni na biskuti redioni, halafu akamfuata mume Bruxelles na kusahauliwa. Namhurumia kwa hayo. Lakini kilio kile kilichompa jina, mwenyewe alikuwa maman, na maman alikuwa amezuiwa nyuma ya kamba pamoja na wamama wengine, asiharibu picha.

Wataniambia zilikuwa nyakati zile. Nyakati hazina mikono, Berthe. Aliyembeba mtoto akaingia naye majini ni mtu, ana jina, na wewe unamkata kucha.

Mwombe picha. Na kama anaweza kusema, mwache aseme, na wewe uandike.

Kaka yako,
Joël


Evere, 10 Machi 2024

Yaya Joël,

Salamu kwa wote, na kwa Rolande zaidi, maana anabeba kazi yangu. Graciella alikuwa na mafua, amepona. Nilijua utamsomea maman. Nilikuomba kwa ajili ya kukuomba tu.

Habari ya macho ningependa kuambiwa na kaka yangu siku ileile, sio kama fimbo ya kunisukumia kazi.

Unaandika «mwombe» kama vile mimi ni mgeni aliyekaa sebuleni kwake. Hapa mwuguzi msaidizi haruhusiwi kupokea hata biskuti ya mkaaji bila kuiandika daftarini. Sanduku la vitu vyake liko kwa Chloé. Kumwomba Chloé ni kumwambia mimi ni nani, na nikimwambia, wakubwa watanitoa ghorofa ya tatu siku hiyohiyo, kwa heshima, na kikombe cha kahawa juu yake. Halafu nani atasikia anachosema?

Anasema kidogo. Anapenda kunigombeza. «Usinishike kama sanduku,» ananiambia kwa Kifaransa chake cha Kiingereza. Nikimwambia, basi inua mkono, madame, anajibu: «Inua mkono, inua mkono! Maisha yangu yote watu wananiambia niinue mkono.» Juzi anapiga kofi hewani, kama kile kibao cha filamu, kuonyesha jinsi kazi yao inavyoanza. Nikamwuliza pole pole: Feza ni nani? Alinitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

«Mwenzangu wa kazi,» akasema. «Hakuwahi kusahau sehemu yake.»

Nikamwuliza tena, alikwenda wapi? Akamfunika mwanasesere uso kwa taulo, akasema anataka supu.

Donc nilimpa supu. Nilifanya nini kingine? Unataka nimwulize kwa nguvu mtu asiyejua leo ni siku gani?

Jumamosi nilikwenda na Graciella kwenye nyumba moja mjini wanapohifadhi filamu za zamani. Ukiomba kwa barua wanakukalisha mbele ya kioo kidogo na unaangalia, lakini hawatoi nakala bila ruhusa ya wenye haki, na wenye haki ni ukoo wake. Nimeiona filamu, yaya. Nimeiona kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Graciella alinishika mkono. Nitakuandikia juu ya hayo siku nyingine.

Mwambie maman picha itakuja.

Berthe


Lubumbashi, 6 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Salamu fupi, maana nina hasira na barua yako, na salamu ndefu katika hasira ni unafiki. Tuko wazima. Ukuta wa choo umeanguka tena.

«Nitakuandikia siku nyingine.» Siku gani? Umekaa mbele ya kioo ukamwona dada yetu, kisha ukaniandikia habari za supu! Nimegeuza karatasi yako mara tatu nikitafuta palipoandikwa alifanana na nani. Maman ndilo analoniuliza kila asubuhi: kama Feza alichukua paji la uso la baba yake au mdomo wa kwetu. Ninamjibu Berthe ataeleza. Ananiambia: «Berthe alipokuwa mudogo, akivunja sahani, alinyamaza vile vile.»

Amemwambia Rolande apigilie msumari ukutani mbele ya kitanda, upande wa jicho zima. Msumari uko tayari tangu wiki ya Pasaka. Asubuhi anaugusa kwa kidole kuhakikisha haujaanguka. Daktari amepunguza miezi yake. Sasa anasema Juni.

Sikuelewi, Berthe. Unamwosha yule mwanamke, unamvika, unamwogopa mpwa wake. Hofu ya mtu aliyepewa karatasi za kukaa ugenini naifahamu, nimeiandikia makala. Lakini huyu ni maman. Unaficha nini?

Joël


Evere, 28 Aprili 2024

Yaya,

Salamu kwa wote.

Picha ni hii. Imo ndani ya kadi ngumu ili isikunjike, na aliyeibeba ni mtu wa parokia yetu, mwaminifu. Mpe maman mchana, dirishani, mwanga ukiwa mzuri. Shanga zinaonekana vizuri.

Usiniulize nimeipataje. Na nakuomba, Joël, nakuomba kwa jina la baba: ni ya msumari ule na jicho lile tu. Usiitie kwenye gazeti.

Berthe


Lubumbashi, 1 Juni 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mweupe, na yale ya Aprili uyafute. Rolande anakusalimu, majirani wanakusalimu, hata watu nisiowajua wananisimamisha barabarani wakikuulizia.

Nikueleze. Tulimkalisha maman dirishani saa nne asubuhi. Aliishika kadi kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka puani, akaipeleka mbali, akairudisha. Alipitisha kidole gumba shingoni mwa mtoto, juu ya shanga, taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa kabla ya kununua. Akauliza: «Ni Berthe mwenyewe aliituma?» Nikasema ndiyo, maman. Halafu akasema: «Huyu mutoto ni muzuri. Mwambie aksanti.» Akaibana kifuani mpaka wakati wa kula, na mpaka leo iko kwenye msumari.

Sasa ukae chini, kwa sababu sikukutii. Nilijaribu siku nne. Mimi nimeandika miaka thelathini juu ya waliokufa bila uso: wa migodini, wa barabara, wa kambi. Kila mara nimeambiwa ninatia chumvi. Leo nina uso! Macho mawili yanayomtazama msomaji, shanga shingoni, na wewe unataka niutundike chumbani? Nimeuweka ukurasa wa kwanza. Juu yake nimeandika: HUYU NDIYE MTOTO ALIYEWAPA TUZO. Nimemtaja Harcombe, nimemtaja Chloé, nimeandika kwamba kwa miaka sitini na sita ahadi kwa mwanamke mweusi haikuwa na uzito wa stempu moja. Vijana wakaiweka mtandaoni, na katika siku tano imezunguka kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Kule kwenu, Saint-Josse, Wakongo wamekutana ukumbini juu yake. Hapa wameichapisha kwenye fulana, kama tunavyofanya kwa marehemu wetu, na Jumapili watu arobaini waliingia kanisani na Feza kifuani. Amepata matanga yake, Berthe.

Nilimsomea maman makala yote. Aliuliza jambo moja: «Na foto umeitia mule?» Nikasema ndiyo. Akaomba maji.

Kaka yako anayejivunia wewe,
Joël


Evere, 16 Juni 2024

Joël,

Sitakusalimu, sina nguvu. Soma hii peke yako, na safari hii nisikie.

Katika filamu Feza hana uso.

Ndicho nilichokiona Machi na sikuweza kukiandika. Mtoto yuko kwenye picha dakika nne hivi, na wakati wote amelazwa begani, kisogo kwetu, kitambaa kimemfunika. Taa zote ziko usoni pa yule mwanamke. Mahali pamoja tu, katikati ya mto, mkono mdogo unatoka kwenye kitambaa na kushika ukosi wa nguo nyeupe. Nilirudisha nyuma mara sita. Ni mkono tu, yaya. Nilitafuta shavu, nilitafuta sikio. Hakuna.

Wewe ukaniandikia habari ya msumari.

Picha niliyotuma ni ya Graciella. Ni ya siku ya ubatizo wake, ana miezi saba. Nilikwenda kwa Kadiri, yule mwenye duka la picha Saint-Josse, akaitoa rangi, akaichakaza kingo, na kwa kuwa maman anakumbuka shanga, nikamwambia amtie shanga shingoni. Alinikataza. Aliniambia: «Maman, sura ya mtu si kitu cha kuazima.» Nikamwambia afanye kazi yake. Nilifikiri: jicho moja, miezi miwili, ukuta mmoja. Nani ataumia?

Graciella aliniletea simu yake jikoni. Akaniuliza: «Maman, mbona watu wananililia?» Ameona fulana, Joël. Ameona watu wameandika «pumzika malaika» chini ya uso wake. Tangu hapo analala kwa rafiki yake. Na parokia yote ya Evere inaijua picha ile, imekaa sebuleni kwangu miaka kumi na minane. Mama mmoja akaandika mtandaoni, bila ubaya: lakini huyu si Graciella wetu? Baada ya siku mbili mwanasheria wa Chloé alikuwa nayo.

Waliniita ofisini. Nimesimamishwa kazi kwa kutoa nje mambo ya mkaaji, na sidhani watanirudisha. Hilo nililitafuta. Ninalotaka ujue ni lingine.

Chloé alikuwepo. Hakupiga kelele. Alitoa mkobani bahasha ya zamani, haijafunguliwa. Juu yake, kwa mwandiko wa Harcombe: Mama Feza, Kambi ya Wafanyakazi, Jadotville. Muhuri wa Machi 1959, na muhuri mwingine, wa kurudishwa: hajulikani. Nyuma yake ameandika mwenyewe kwa Kiingereza, picha ya mdogo, kama nilivyoahidi. Aliituma, Joël. Ilirudi.

Chloé akasema: «Nimeikuta sandukuni Desemba. Nimewauliza Wakongo wote ninaowajua, Mama Feza ni nani. Wewe sikukuuliza. Ulikuwa unamwosha shangazi kila siku, niliona haya kukuongezea kazi.» Halafu akairudisha mkobani. Mwanasheria amemkataza kunipa chochote, na katika gazeti la kaka yangu yeye ni mpwa wa mwuaji.

Ningemwuliza kwa mdomo tu. Januari, pale kwenye korido, maneno matatu. Niliogopa kahawa ya wakubwa.

Sasa ghorofa ya tatu kuna msichana mpya. Wenzangu wananiambia bibi bado anaita Feza, na yule msichana hajui anaita nini.

Berthe


Lubumbashi, 30 Septemba 2024

Mdogo wangu Berthe,

Habari za msiba wa maman ulizipata kwa simu, kwa sauti ya Rolande. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye na sikuchukua simu. Ukitaka kunilaumu kwa moja katika mengi, anza na hilo.

Wapo wazima waliobaki. Ukuta wa choo sasa tumeujenga kwa saruji, kwa sababu ya wageni wa matanga.

Barua yako ilifika tarehe mbili Julai. Jicho lilikuwa limeshafungwa. Niliisoma uani, nikaingia ndani nikiwa nimetengeneza uso, ingawa maman hakuweza kuuona. Maman akasema: «Ile karatasi ya Berthe, soma.» Nikaanza: Berthe anakusalimu sana, Graciella amefaulu, kazi inaendelea. Akaniacha niende sentensi nne tano. Akasema: «Joël, hausome. Unatunga. Soma vile iko.»

Nikasoma vile iko.

Nilipofika pa Graciella, aliinua mkono kunizuia. Akamwomba Rolande kile kikopo cha chini ya kitanda, kopo la maziwa ya unga walilompa wazungu wa filamu, na ndani yake, Berthe, zimo shanga. Nyekundu, ndogo kama mbegu. Sikujua kwamba zipo. Wewe ulijua?

«Ile asubui ya kwanza,» akasema, «bazungu balisema shanga zinangaa sana ku mashini ya foto. Nilizitoa mi mwenyewe. Siku tatu zilikuwa mu mukono yangu, huku nyuma ya kamba.»

Nikamwuliza: basi ulijua tangu siku ile ya dirishani?

«Nilijua Graciella. Ana mudomo ya Berthe.»

Mbona hukusema, maman? Mbona uliniacha niandike?

«Wewe haukuniuliza, ulinisomea. Na Berthe alinitumia mutoto wake. Ningemurudishia?»

Niliendelea. Nilipofika pa bahasha, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza: «Baliandika jina gani?» Nikasema: Mama Feza. Akazungusha shanga kwenye vidole, moja baada ya nyingine.

Nitakuandikia alivyosema, sitaongeza langu.

«Karani wa kambi alikuwa anagawa barua pale ku bomba ya maji. Siku moja akaita, Mama Feza! Bamama bote pale baliniangalia. Mutoto alikuwa mu udongo. Kwetu ukifiwa na mutoto, hakuna mutu anakuita tena kwa jina yake. Balikuwa banasema tu, wewe mama. Sasa huyu anaita mbele ya batu bote. Nilizania ananicheka. Ama bale bazungu banataka blanketi yabo, ile balimufunika Feza. Akaita tena, mara ya pili. Nilijitwika ndoo yangu, nikaenda. Nilisikia, Joël. Sikuitika.»

Hakusema tena juu ya jambo hilo. Aliishi siku kumi na moja. Alikula kidogo, aliuliza habari za Graciella kila siku, akataka aambiwe asikasirike kwa kuwa bibi yake alimtazama vizuri akiwa bado na jicho.

Watu wa mtandao wameshanigeukia. Wananiita mtunga uongo, na gazeti moja la kule kwenu limeandika kwamba hakukuwa na mtoto yeyote. Nilikaa mezani kuwajibu. Unanijua, nina jibu kwa kila mtu tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Niliandika: mtoto alikuwepo. Kisha nikatafuta sentensi ya pili, ya ushahidi, na niliyokuwa nayo ni kopo moja na shanga. Nimemaliza karatasi ya gazeti kwa kufungia wageni maandazi.

Rolande ameniambia ulichomwambia wiki iliyopita: kwamba Harcombe naye amezikwa, na kwamba Chloé, kwa kuwa mwenye bahasha kwake bado hajulikani, maana picha yetu ya uongo ilimfanya asituamini tena, aliiweka mle jenezani pamoja na mwanasesere. Sina hasira naye. Nimejaribu kuwa nayo, imekataa. Niliandika kwamba ahadi ile haikuwa na uzito wa stempu, na stempu ilikuwepo, nawe uliiona kwa macho yako.

Neno la mwisho, ndipo nimpe msafiri barua. Picha ya Graciella niliitoa ukutani kabla ya maiti kutoka, imo ndani ya hii, imrudie mwenyewe. Shanga tumemvalisha maman mkononi. Na katekista aliponiomba jina la kusoma kaburini, nilimwandikia kwenye karatasi: Numbi Julienne, Mama Feza, yeye ambaye mtaa mzima ulimjua kama Mama Joël. Sikumwuliza mtu. Nilitaka jina hilo lisemwe kwa sauti mara moja mbele ya watu, na yeye yupo.

Alilisoma vizuri, kwa nguvu, kama wanavyofundishwa. Halafu watu wakaanza kugeuka, huyu akimtazama huyu, wakitafuta ni nani anayeitwa.

Kaka yako,
Joël